Njia mbili zilimshinda fisi: kompyuta yako je?

Kama umewahi kukaa mbele ya kompyuta, kile kialama cha mtandao pale chini kinakuambia mambo ni shwari, lakini hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka, basi vuta kiti tuongee. Stori hii ni yako.

Mimi ilinipata nyumbani Kariandusi, usiku ambao sikutaka kabisa initokee. Dadangu alikuwa amemaliza Kidato cha Nne na alikuwa anachagua kozi kwenye mfumo wa KUCCPS, ile taasisi inayopanga wanafunzi vyuoni. Maombi yalikuwa yanafungwa saa sita usiku. Tulikaa chini saa mbili, tukijua ni kazi ya nusu saa. Tulimaliza saa tano na dakika arobaini, jasho limetutoka.

Nikwambie mapema ndio usidhani unafundishwa na injinia: mimi chuo nilitoka kabla ya kumaliza. Nilisomea teknolojia ya habari Nakuru mwaka mmoja na nusu, karo ikagoma, nikarudi nyumbani na kompyuta ya mitumba na blogu. Kwa hivyo kilichokuwa mezani usiku ule hakikuwa mashine tu. Mmoja wetu alikuwa ameshatoka chuoni. Sikutaka wa pili akose hata kuingia, tena kwa sababu ya kompyuta ambayo fundi wake ni mimi.

Na kabla hujauliza kwa nini hatukutumia simu: yangu ilikuwa Gilgil kwa fundi wa skrini, na Mama na dadangu wana kabambe.

Mashine yenye masikio matatu

Kama hukujui kwetu, ni hivi. Ukitoka Nairobi kuelekea Nakuru, ukishapita Gilgil, barabara inateremka na Ziwa Elementaita linaonekana kushoto. Hapo ndipo Kariandusi. Wageni wengi huja kwa sababu ya makumbusho, maana mwaka 1928 Louis Leakey aligundua hapa eneo lililojaa mashoka ya mawe ya binadamu wa kale. Jirani kuna machimbo ya diatomaiti, ule udongo mweupe kama unga, ambao ni maganda ya viumbe vidogo sana vilivyoishi kwenye ziwa la zamani. Ukianika shati jeusi siku ya upepo, utajua.

Kompyuta yangu nayo ina kadi tatu za mtandao. Ya kwanza imejengwa ndani ya ubao mkuu, na tundu lake liko nyuma karibu na yale ya USB. Ya pili iliongezwa na aliyeniuzia, imechomekwa kwenye nafasi ya ndani. Ya tatu ni kale kadude ka waifai kanakochomekwa kwenye USB.

Kadi ya mtandao, kwa lugha rahisi, ni sikio na mdomo wa kompyuta. Kila moja huja na namba yake ya kiwandani, inayoitwa anwani ya MAC, ya biti 48, ambayo utaiona imeandikwa kama herufi na tarakimu 12. Teknolojia ya waya inayotumiwa na kadi nyingi, Ethernet, ilianza mwaka 1973 huko California, Marekani, kwenye maabara ya Xerox, kazi ya Robert Metcalfe na David Boggs. Wakati huo shida ilikuwa kuunganisha kompyuta nyingi kwenye waya mmoja. Sisi leo tuna shida ya kinyume: kompyuta moja, njia kibao.

Mbona njia kibao? Kwa sababu ukitegemea moja, siku ikilala unalala nayo. Jumapili ya Mei 12, 2024 unaikumbuka? Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Sisi ambao riziki yetu iko mtandaoni tulipata somo. Mimi nikaamua niwe na mbili: antena ya paa ya mtoaji huduma mmoja wa mtaani, inayoshuka kwa waya hadi kwenye ruta, na ruta ya mfukoni ya laini ya simu, ya kutumia waifai, kwa dharura.

Nilidhani nimejipanga. Kumbe nilikuwa nimemwita fisi.

Fisi kwenye njia panda

Unaijua hadithi. Fisi alisikia harufu ya nyama kwenye njia mbili, akaweka mguu huku na mguu kule, akapasuka msamba. Njia mbili zilimshinda fisi. Kompyuta haipasuki, lakini hufanya jambo baya zaidi: huchagua njia moja kimyakimya, haikuambii, na wala haiendi kuangalia kama mbele kuna nyama au la.

Usiku ule stima ilikuwa imepotea jioni, kisha ikarudi. Ruta ya paa ikawaka taa zake zote, lakini huko mbele kwa mtoaji huduma hakukuwa na kitu. Waya ulikuwa mzima, kadi ilikuwa nzima, ruta ilikuwa nzima. Kilichokufa ni barabara baada ya lango. Nami nilikuwa nimeshawasha ile ruta ya mfukoni, na waifai ilikuwa imeunganishwa vizuri. Kompyuta ikawa na milango miwili ya kutokea: mmoja una intaneti, mwingine hauna. Ikachagua usio nayo.

Mbona? Kwa sababu kila njia hupewa namba, inaitwa metriki. Namba ndogo ndiyo hushinda. Windows ikiachwa ijipangie, hutoa namba kulingana na kasi ya kiungo. Waya wa gigabiti moja hupewa 25. Waifai yangu ya megabiti 72 hupewa 50. Kwa hivyo waya hushinda, hata kama mwisho wake ni ukuta. Windows haipangi upya metriki kwa sababu intaneti ya mbele imekufa. Inaona kasi ya waya, basi.

Mimi sikuwaza hivyo. Nilifanya anachofanya kila mtu akiwa na haraka: niligusa kila kitu.

Kwanza nilifungua ukurasa wa ruta ya mfukoni nione bando limebaki ngapi. Nikaandika 192.168.1.1, ukurasa ukafunguka, nikasoma kwamba hakuna intaneti. Nikasema bando limeisha. Nikachukua kabambe ya Mama, nikanunua lingine. Nikasoma tena: hakuna intaneti. Nikanunua la pili! Shilingi zikaenda, ukurasa haukubadilika.

Saa tatu na nusu nikaanza kushuku kadi. Nikaondoa draiva, nikarudisha. Nikazima mashine, nikaifungua, nikachomoa ile kadi ya ndani. Ilikuwa imejaa vumbi jeupe mpaka kwenye meno. Nikaisafisha kwa raba ya penseli, nikairudisha. Hakuna. Nikabadilisha anwani za DNS. Hakuna. Kufikia saa nne na nusu nilikuwa nimebadilisha vitu sita, na hata kimoja kingekuwa ndicho dawa, nisingejua ni kipi.

Dadangu alikuwa amenyamaza. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Angenifokea ningejua la kufanya. Alikuwa amekaa na karatasi yake ya kozi, ameikunja na kuikunjua mpaka wino umeanza kutoka.

Mama alitoka jikoni, akaangalia nyuma ya mashine, akauliza, "Kwani hizi waya zote ni za nini?"

Nikamwambia, "Mama, hii ni ya paa, hiyo nyingine ni ya..."

"Toa moja uone."

Nilikuwa na jibu la kitaalamu. Nikalimeza. Nikachomoa waya wa paa. Sekunde chache baadaye ukurasa ukafunguka kana kwamba ulikuwa umesimama mlangoni ukingoja. Ilikuwa saa tano na dakika tano. Dadangu akavuta kiti, akajaza kozi zake moja baada ya nyingine, akalipa kwa M-Pesa, akabonyeza kutuma. Mama akarudi jikoni bila kusema neno.

Kesho yake, akili ikiwa imetulia

Asubuhi nilirudisha waya, nikaketi kutafuta ukweli. Nikakuta makosa mawili, si moja.

La kwanza ni lile la metriki. La pili ndilo lililokula pesa yangu ya bando. Ruta zote mbili zimetengenezwa na kampuni moja, kurasa zao zinafanana kama mapacha, na zote zilikuwa zinajiita 192.168.1.1. Nilipoandika namba hiyo, kompyuta ilinipeleka kwa njia yenye metriki ndogo, yaani kwenye ruta ya paa. Usiku kucha nilikuwa nasoma hali ya ruta moja nikidhani ni nyingine. Bando langu halikuwa limeisha kamwe.

Hilo si jambo la ajabu. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani, kwa hivyo nyumba milioni zinaweza kuzitumia bila kugongana. Yako na ya jirani haziingiliani. Lakini zikiingia mbili kwenye kompyuta moja, ni kama mtaa wenye nyumba mbili zenye namba moja. Mwenye bodaboda ataenda kwa iliyo karibu.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu

Sasa tuache stori, tushike kazi. Kama una kadi zaidi ya moja na mambo hayaendi, fuata hatua hizi. Kanuni kubwa ni ile ya Mama: kitu kimoja kwa wakati mmoja.

*1. Hesabu kadi zako.* Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha Enter. Utaona kadi zote. Usishangae ukikuta nyingi kuliko ulizojua. Programu za VPN na zile za kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, kama VirtualBox, huongeza kadi za kufikirika. Hazishikiki kwa mkono lakini nazo zinaweza kuvuta njia upande wao.

*2. Zima zote, acha moja.* Bofya kadi kwa upande wa kulia wa kipanya, uizime. Jaribu iliyobaki. Kisha zima hiyo, washa ya pili, jaribu. Kila moja ikifanya kazi peke yake lakini zikiwa pamoja zinagoma, basi kadi hazina ubaya, ugomvi uko kwenye njia. Hapo umeokoa pesa ya fundi.

*3. Angalia anwani.* Fungua kile kidirisha cheusi cha amri (cmd), andika ipconfig /all. Kadi yenye anwani inayoanza na 169.254 haikupewa anwani na ruta, ikajipa yenyewe. Angalia waya, angalia taa kwenye tundu, angalia kama ruta imewaka. Na kama kompyuta ni ya mitumba, angalia kama mwenye zamani aliacha anwani ya kudumu ya ofisi yake. Ukikuta, rudisha iwe ya kupewa na ruta.

*4. Piga hodi kwa hatua.* Andika ping kisha namba ya lango lako, ile utakayoiona kwenye ipconfig. Ikijibu, uko sawa mpaka kwa ruta. Kisha ping 8.8.8.8, ambayo ni huduma ya Google. Isipojibu lakini lango limejibu, mara nyingi tatizo liko mbele ya ruta, si kwako. Ikijibu namba lakini tovuti hazifunguki kwa jina, shida ni DNS. Mimi hatua hii ingenichukua dakika mbili. Nilitumia masaa matatu badala yake.

*5. Soma ramani ya njia.* Andika route print. Tafuta mistari inayoanza na 0.0.0.0. Hiyo ndiyo njia ya kwenda kila mahali. Ukiona miwili, umeona fisi. Safu ya mwisho ni metriki, na namba ndogo ndiyo inayotumika. Kwenye Linux andika ip route, utaona jambo hilohilo. Na ukiona kadi yako inaitwa enp3s0 badala ya eth0 ya zamani, usiogope. Kadi zikiwa mbili, majina eth0 na eth1 yaliweza kubadilishana ukiwasha mashine upya, ndiyo maana Linux nyingi zikahamia majina yanayofuata mahali kadi ilipochomekwa.

*6. Tenganisha mitaa.* Kama ruta zako mbili zina anwani zinazofanana, ingia kwenye moja, nyingine ikiwa imechomolewa, uibadilishe iwe 192.168.2.1. Ya mfukoni nimeifanya hivyo. Sasa nikiandika namba najua naongea na nani.

*7. Chagua mkubwa mwenyewe.* Kwenye mipangilio ya kadi, ingia sehemu ya IPv4, kisha ya zaidi, utaona kisanduku kimeandikwa Automatic metric. Toa alama, andika namba yako. Njia ya kila siku ipe 10, ya dharura ipe 50. Na kadi ambayo kazi yake ni kuunganisha printa au kompyuta ya jirani tu, usiipe lango kabisa. Acha hiyo nafasi wazi. Isiyotoka nje haihitaji mlango wa nje.

*8. Mwisho kabisa, fungua mashine.* Kama kadi haionekani hata kwenye orodha, angalia BIOS kwanza, huenda ile ya ndani imezimwa huko. Bado haionekani? Zima, chomoa waya wa stima, gusa chuma cha kasha kutoa umeme tuli mwilini, kisha ichomoe kadi na uisafishe meno. Kwetu Kariandusi vumbi si utani. Ule udongo mweupe haupitishi umeme, ukikaa kati ya jino na nafasi yake, kadi inapotea. Lakini angalia nimeiweka namba nane. Mimi niliianza mapema mno.

Usidanganywe

Kuna msee atakuambia ukiwa na mitandao miwili unapata kasi mara mbili. Zii. Kwa mipangilio ya kawaida, kompyuta hutumia njia moja na nyingine hukaa benchi. Faili unayopakua hupita njia moja. Faida ya njia mbili ni bima.

Na bima yenyewe haijiwashi. Metriki nilizokupa haziponyi tatizo la usiku ule peke yake: waya wa paa ukibaki mzima na intaneti yake ikafa, kompyuta bado itaung'ang'ania. Ukitaka kitu kinachogundua chenyewe na kuhama, tafuta ruta yenye uwezo wa kupokea intaneti mbili na kuzichunguza kila mara. Mimi bado sina pesa hiyo. Dawa yangu ni mkono: nikiona ping ya lango inajibu na ya 8.8.8.8 haijibu, nazima kadi ya waya, nasonga mbele.

Dadangu alipata kozi, si ile ya kwanza aliyoitaka, ni ya pili, na amesema ataisoma. Siku anafunga sanduku aliniuliza kama nami nitarudi kumaliza. Nikamwambia tuone kwanza karo yako. Hilo ni jambo la siku nyingine.

Wewe leo fanya moja. Usingoje usiku wa mwisho wa maombi, wa mahojiano ya kazi au wa kutuma kazi ya mteja. Jioni hii, ukiwa huna haraka, hesabu kadi zako, andika kwenye karatasi kila moja inaenda wapi na lango lake ni namba gani, kisha ubandike karatasi hiyo ubavuni mwa mashine. Yangu iko hapo. Chini yake, kwa mwandiko wa dadangu, pameongezwa maneno matatu ya Mama: toa moja uone.